Mwuguzi Anayekuja Shuleni: Mambo Aliyofundishwa na Mambo Aliyoyaona



Mnapongoja kwenye benchi siku ya kupima watoto kilo, tunawasikia mkizungumza. Mmoja anasema: "Ule munganga alikuja ku masomo ya mutoto wangu ni kijana sana. Ule anajua nini?" Mwingine anamjibu: "Afazali muzee wa kwetu. Yeye alianza kazi tangu wakati wa Zaire, hakosei." Na wa tatu anasema: "Mimi ninapenda ule anapiga sindano. Ule wa vinini tu, hapana."

Maneno hayo si mchezo. Mama anayemchagua mtu wa kumtunza mtoto wake kwa kuangalia mvi, au kwa kuangalia urefu wa sindano, anaweza kumpeleka mtoto mahali pabaya. Mimi nawafundisha wauguzi vijana, kwa hiyo nawajua wangali na madaftari mkononi, na nawajua pia wakisharudi kwetu baada ya miaka kumi ya kazi. Katika karatasi hii nataka kuwaeleza mwuguzi wa watoto wa shule anatoa wapi ujuzi wake, ili mjue kumwuliza maswali, na mjue lini kumsikiliza hata akisema neno msilolipenda.

MWUGUZI WA SHULE NI NANI?

Kwetu Kalemie shule nyingi hazina mwuguzi wao wenyewe. Yule anayekuja ni mwuguzi wa kituo cha afya cha karibu. Anakuja siku ya dawa ya minyoo, siku ya chanjo, siku ambayo mwalimu ametuma habari kwamba watoto wengi wanakuna ngozi, au wakati wa kolera. Siku nyingine zote macho yake ni mwalimu. Tena tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, serikali iliposema masomo ya msingi ni ya bure, darasa ambalo lilikuwa na watoto 50 mara nyingi limepita huko mbali. Watoto wanakaa watatu watatu, wanne wanne kwenye kiti kimoja. Upele, chawa, kikohozi na surua havihitaji kutembea mbali.

Kazi hii ilianza zamani, katika nchi nyingine, kwa shida inayofanana na yetu. Mjini New York, Marekani, mwaka 1902, waganga walikuwa wanapita shuleni na kuwafukuza watoto wenye magonjwa ya kuambukiza, ya macho, ya ngozi na ya kichwa. Wakishafukuzwa, basi. Hakuna aliyewatibu. Mama alikuwa maskini, mara nyingi mgeni asiyejua lugha ya pale, naye alikuwa hajui hata sababu ya mtoto kurudishwa. Mwuguzi mmoja, Lillian Wald, aliyekaa katika mtaa wa maskini hao, alimwona mvulana wa miaka 12 ambaye alikuwa hajui kusoma kwa sababu kila alipokwenda shuleni walimrudisha kwa vidonda vya kichwani. Alimpaka dawa, vidonda vikapona, mtoto akaingia darasani. Kisha akawaomba wakubwa wa mji wajaribu kumweka mwuguzi shuleni. Walimchukua Lina Rogers, wakampa shule nne kwa mwezi mmoja. Yeye alisafisha vidonda palepale shuleni, na jioni alikwenda nyumbani kwa mama, akaketi, akamwonyesha namna ya kuosha na kupaka. Katika mwezi wa 9 mwaka 1902 watoto 10,567 walikuwa wamefukuzwa katika shule za mji ule. Mwezi wa 9 mwaka 1903, wauguzi wakiwa wameongezwa, waliofukuzwa walikuwa 1,101.

Dawa ile ya vidonda ilikuwako tangu zamani, na waganga waliijua. Mambo mawili tu yaliongezwa: mtu aliyefundishwa vizuri, na mtu yuleyule kwenda hadi mlangoni kwa mama.

JUU YA NINI ASOME MIAKA YOTE ILE?

Mwuguzi wa A2 anasoma miaka minne katika shule ya sekondari ya uuguzi. Wa A1 anapata diploma ya serikali kwanza, kisha anaongeza miaka mitatu katika shule ya juu. Wamama wengine wanatuuliza: kupiga sindano kunaweza kuchukua miaka mingapi kujifunza? Kupiga sindano kunajifunzwa kwa nusu siku. Kujua mahali pa kutoipiga, hapo ndipo kazi ilipo.

Chukueni mfano wa matako ya mtoto. Ndani yake unapita mshipa mkubwa wa fahamu, kama kamba nyeupe, unaotoka mgongoni na kushuka mpaka mguuni. Mshipa huu ndio unaouamuru mguu utembee. Mtoto mdogo, hasa aliyekonda, nyama ya matako yake ni ndogo, na mshipa uko karibu. Mtu anayepiga sindano ya kinini pale kwa kubahatisha anaweza kuugusa, au dawa yenyewe kali ikauchoma. Mtoto anapona homa, lakini kesho yake mguu unaning'inia, anaukokota. Watoto wa namna hii tunawaona, wamama. Wengine wameingia darasa la kwanza wakitembea kwa fimbo, na nyumbani wanasema ni uchawi wa jirani, au ni homa "iliyoshuka mguuni." Mara nyingi ni sindano iliyopigwa kwa nyumba ya mtu mwenye sanduku la dawa, ambaye hakusoma popote, lakini watu walimsifu kwa sababu alikuwa mwepesi na hakuuliza maswali.

Ndiyo maana chanjo kadhaa za mtoto mchanga mnaona tunazipiga pajani, upande wa nje. Pale hakuna mshipa mkubwa wa kuumiza. Na ndiyo maana mwuguzi aliyefundishwa, akiona mtoto anaweza kunywa na hatapiki, anampa dawa ya kunywa. Hakukunyima kitu. Amemhurumia mtoto wako.

Hapa niongeze neno moja, ingawa liko pembeni kidogo. Mtoto yeyote aliye chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono umelegea ghafla, mleteni haraka, hata kama mnafikiri mnajua sababu. Polio ilionekana tena katika jimbo letu la Tanganyika mwaka 2022 na 2023. Mwuguzi ataomba choo cha mtoto mara mbili, kwa siku mbili, na inatakiwa kipatikane kabla ya siku 14 kupita tangu mguu ulipolegea. Msione haya kukileta, na msichelewe.

MACHO YA MTU MMOJA HAYAWEZI KUHESABU KILA KITU

Sasa nije kwa yule mzee aliyeanza kazi tangu wakati wa Zaire. Namheshimu. Wengi wao walifanya kazi wakati wa vita, bila mshahara, na watoto wengi wa mji huu wako hai kwa ajili yao. Lakini kuna mambo ambayo hata mzee mwenye macho makali hawezi kuyaona peke yake.

Kwa miaka mingi malaria tuliitibu kwa klorokini. Ilikuwa dawa nzuri, ya bei ndogo, na kila mama aliijua. Kidogo kidogo vijidudu vya malaria viliizoea. Mwaka 2001 serikali yetu iliiacha, na mwaka 2005 ikachagua dawa mbili zinazotolewa pamoja, artesunate na amodiakwini. Mwuguzi ambaye hakurudi kamwe kwenye mafunzo angeendelea kutoa klorokini, akisema: "Niliwaponyesha wengi kwa dawa hii." Na ni kweli, aliwaponyesha! Lakini wale walikuwa watoto wa miaka iliyopita, na vijidudu vya miaka iliyopita.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Mtoto mwenye malaria kali, aliyezimia au anayetupwa na degedege, tulikuwa tunampa kinini ya sindano. Hakuna mwuguzi aliyekuwa na shaka. Kisha waganga wa nchi 9 za Afrika, na Kongo yetu ilikuwa moja ya nchi hizo, walikubaliana kuhesabu pamoja. Waliwatibu watoto 5,425 wenye malaria kali, wengine kwa kinini, wengine kwa artesunate ya sindano, wakaandika kila aliyepona na kila aliyekufa. Mwaka 2010 walitoa hesabu: katika kila watoto 1,000 waliopewa kinini, 109 walikufa, katika kila watoto 1,000 waliopewa artesunate, 85 walikufa. Mwaka 2011 Shirika la Afya la Dunia, OMS, likasema nchi ziiache kinini kwa malaria kali ya watoto na kutumia artesunate.

Mfikirie hesabu ile. Tofauti ni watoto 24 katika 1,000. Mwuguzi wa kituo kidogo anaona labda watoto 20 au 30 wa namna hii kwa mwaka. Angefanya kazi mpaka azeeke, asingeiona tofauti kwa macho yake. Angesema dawa zote mbili ni sawa, na angesema kwa moyo safi. Lakini watoto 24 wale ni watoto, kila mmoja ana mama yake. Kwa hiyo tukiwaita wauguzi wazee warudi darasani siku tatu au juma moja, na ninyi mkakuta kituo kina mtu mmoja tu, tafadhali msinung'unike sana. (Kununa kidogo tunawaruhusu.)

MAMBO AMBAYO DAFTARI HAISEMI

Je, basi kijana mwenye alama nzuri anatosha? Hapana. Kijana tunayempeleka staji shuleni mara ya kwanza anasimama mbele ya watoto 80 akiwa na kitabu kichwani, na hajui aanzie wapi. Mzee anayeingia darasa lilelile anatazama tu.

Anamwona mtoto anayegeuza kichwa upande mmoja kila mwalimu anaposema. Anamwita, ananusa sikio, kumbe linatoa usaha tangu miezi. Mtoto yule hakuwa mkaidi, alikuwa hasikii. Anamwona msichana anayekaza macho mbele ya ubao na kunakili kutoka kwa jirani yake. Anampima kwa karatasi yenye herufi, akiwa mbali mita 6, na kuomba ahamishiwe kiti cha mbele. Wakati wa kucheza, wote wanapokimbilia mpira, anamtafuta yule anayekaa chini ya mwembe akipumzika. Anatazama ndani ya kope la chini, anakuta limekuwa jeupe. Mtoto hana damu ya kutosha. Anamwita mvulana pembeni na kumwuliza polepole juu ya mkojo, maana anajua wavulana wanaoogelea wanaona mkojo wa damu na wanaficha, au wanaambiana kwamba ni dalili ya kuwa mwanaume. Si dalili ya uanaume. Ni kichocho, yaani bilharzia.

Tena mzee anajua kitu kingine, ambacho ni kigumu kufundisha: anajua kumwuliza mama. Kijana anauliza: "Mtoto anakula?" Mama anajibu: "Ndiyo, anakula." Kijana anaandika, basi imekwisha. Mzee anauliza: "Jana jioni mulikula nini? Na huyu alikula wa ngapi?" Hapo mama anaeleza kwamba walikula bukari na sombe, na ndagala zilikuwa kidogo, baba na wakubwa wakatangulia. Sasa mzee amejua. Jambo lile halikutoka katika kitabu. Limetoka katika miaka ya kuketi na wamama.

Na mtu akifundishwa vizuri, vitu hivi viwili vinakaa pamoja ndani yake. Macho yanamwonyesha kope jeupe. Masomo yanamkumbusha kwamba damu inapungua kwa malaria, kwa minyoo, kwa kichocho, kwa chakula, na kwa ugonjwa wa damu wa kurithi unaoumiza mifupa ya mtoto, kwa hiyo asikimbilie kutoa dawa ya kuongeza damu bila kutafuta sababu. Bila macho, ugonjwa unapita mbele yake akiutazama. Bila masomo, anauona na kuutibu vibaya.

SIKU YA DAWA YA MINYOO

Siku hii ndiyo mnayoijua zaidi, na ndiyo inayoleta maneno mengi. Nataka kueleza mambo manne, kwa maana kila moja lina sababu yake.

La kwanza, fimbo. Mnashangaa kwa nini mtoto anasimamishwa kwenye fimbo ndefu yenye alama, kama mtu anayeshonewa kanzu. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, inatolewa kwa uzito wa mtu. Kubeba kilo shuleni na kupima watoto 900 kunachukua siku nzima, na kilo zenyewe zinaharibika njiani. Kwa hiyo walipima watoto wengi sana, wakaona urefu unaweza kushika nafasi ya uzito bila hatari. Mtoto wa sentimita 100 anapata kinini kimoja, wa sentimita 130 anapata viwili, wa sentimita 155 vitatu. Ambaye hafiki sentimita 94 hapewi kwa fimbo hii. Basi, msimwambie mtoto asimame juu ya vidole ili apate nyingi. Tumewaona!

La pili, chakula. Prazikwanteli ikiingia katika tumbo tupu inaleta kichefuchefu na maumivu, na mtoto anatapika. Mama anasikia kwamba mtoto alianguka shuleni, anakuja mbio na wamama wengine, na mwaka ule shule nzima inakataa dawa. Dawa haikuwa na kosa. Mtoto alitoka nyumbani bila kula. Siku mwalimu akituma habari, mpeni hata uji, hata mhogo wa jana.

La tatu, kutafuna. Dawa ya minyoo ya tumbo, ile tunayoita ya nyoka za tumbo, ni kinini kimoja cha albendazoli au cha mebendazoli. Mtoto mdogo akilia na kushikwa kwa nguvu, pua imebanwa, kinini kinaweza kuingia katika njia ya pumzi. Watoto wamekufa hivyo katika nchi nyingine, wakati wa kampeni, mikononi mwa watu waliotaka kuwasaidia. Sasa tunafundisha hivi: kwa mtoto mdogo kinini kinasagwa na kuchanganywa na maji, na mtoto anayelia, anaachwa kwanza anyamaze. Mwuguzi akimwacha mtoto wako anayelia na kumwita mwingine, usifikiri amemdharau.

La nne, nyoka zenyewe. Kesho yake mtoto anaweza kutoa minyoo katika choo, na mama anasema, "Dawa yao inaleta nyoka!" Ilikuwa ndani tayari, mama. Dawa imeifukuza tu.

MAJI YA ZIWA NA KITABU CHA USAFI

Kitabu chetu cha usafi kinasema: mtoto anawe mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni kabla ya kula na baada ya choo. Ni kweli kabisa. Lakini kijana akifika katika shule moja ya Kataki au Lubuye, anakuta robineti imekauka, sabuni imeibwa, na watoto 1,000 wana vyoo vinne. Akisoma kitabu tu, atawaambia watoto wanawe mikono, kisha arudi nyumbani akiwa ameridhika.

Mwenye uzoefu anaanza kwa kuuliza: maji ya shule hii yanatoka wapi, na nani anayabeba? Anatafuta bidoni ya lita 5, anaitoboa kidogo, anaifunga kwa kamba kwenye mti ili ivutwe kwa mguu. Pasipo sabuni anaweka majivu. Anachagua wanafunzi wawili wa kuijaza kila asubuhi, na jina lao linaandikwa ubaoni, kwa maana kazi ya wote haina mwenyewe. Kolera imekaa kando ya ziwa letu tangu miaka ya 1970, na kila mara maji yanapochanganyika na choo inapata nguvu. Ziwa lilipopanda mwaka 2024 na kuingia katika nyumba za watu, mliona wenyewe namna vyoo vilivyofurika.

Mtoto akianza kuhara maji meupe kama maji ya mchele, msingoje jioni. Aende kituoni saa ileile. Njiani anyweshwe maji yenye chumvi na sukari ya pakiti. Pakiti isipokuwako, chukueni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa juu, si vya kujaza mlima. Chumvi isizidi, inadhuru. Akitapika, ngojeni dakika 10, mwendelee polepole kwa kijiko.

MTOTO ANAYEANGUKA

Nisipite kifafa bila kusema neno, kwa maana hapa watoto wengi wanapoteza masomo bure. Mtoto anaanguka darasani, anatetemeka, povu linatoka, na wenzake wote wanakimbia. Mwalimu pia. Wanasema povu linaambukiza. Kesho mama anaambiwa amweke mtoto nyumbani.

Povu haliambukizi. Kifafa hakipiti kwa mate, wala kwa kiti, wala kwa sahani. Mwuguzi aliyefundishwa anajua hivyo, lakini neno lake halitoshi kuwashawishi watoto 80 wenye hofu. Yule mwenye uzoefu anafanya mbele yao: anapiga magoti, anamlaza mtoto kwa upande, anaondoa mawe na viti, anaweka nguo chini ya kichwa, haingizi kijiko wala kidole kinywani, anangoja. Likipita dakika 5 bila kutulia, mtoto anapelekwa hospitali. Likitulia, anamfuta povu kwa mkono wake mwenyewe, watoto wote wakiangalia, na kisha ananawa kama mtu anayenawa siku zote. Darasa lile limejifunza zaidi ya maneno ya saa moja.

Kisha anazungumza na mama juu ya dawa ya kila siku. Dawa ya kifafa haikatwi ghafla, hata kama mtoto hajaanguka miezi sita, hata kama mahali pa maombi wamesema amepona. Sisi pia tunaomba, na tunaomba kwa bidii. Lakini tunaomba huku mtoto akinywa dawa yake. Luka mwenyewe alikuwa tabibu. Na mtoto huyu asitumwe peke yake kuteka maji ziwani au kando ya Lukuga, wala asiachwe karibu na moto.

MAMBO MNAYOWEZA KUULIZA, NA MAMBO MNAYOPASWA KUSEMA

Mwuguzi akija katika shule ya mtoto wako, awe kijana au mzee, una ruhusa kumwuliza: dawa hii inaitwaje? Ni ya ugonjwa gani? Umeonaje kwamba mtoto wangu ana ugonjwa huu? Kwa malaria, kuna kipimo cha tone moja la damu, kinajibu kwa muda wa dakika 15 au 20. Mwuguzi mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Tena akikujibu: "Hili sijui, tumpeleke mbele," mshukuru. Katika shule yetu tunawafundisha wanafunzi kusema neno lile kwa sauti, na ni somo gumu kuliko mengine. Mtu wa kuogopa ni yule ambaye kwa kila ugonjwa ana jibu na sindano.

Nanyi pia mna sehemu yenu. Timotheo alilelewa katika imani na mama yake na nyanya yake, kabla hajasafiri na Paulo. Vivyo hivyo mwuguzi wa mtoto wako anategemea mambo ambayo ni wewe tu unayeyajua. Mwambie mtoto alizaliwa vipi, kama alilia mara moja au alichelewa. Mwambie dawa ambazo amekwisha kupewa nyumbani, hata zile za mizizi, hata zile za sanduku la jirani. Hatutakugombeza. Akigombeza mmoja wetu, uje utuambie. Tunza fishi ya chanjo hata mtoto akisha kuingia shule, iwekwe pamoja na diploma na karatasi za kanisa, mahali pasipofika mvua na panya. Wakati wa surua ya mwaka 2019, iliyoua watoto zaidi ya 6,000 katika nchi yetu, fishi zile ndizo zilizotuonyesha upesi nani alikuwa bado kuchanjwa.

Siku ya dawa ya minyoo itatangazwa shuleni na makanisani. Dawa ni ya bure, asilipe mtu yeyote. Mtoto ambaye siku ile hakuwa shuleni, au asiyesoma kabisa, au aliyeachwa kwa sababu alikuwa na homa, mleteni hapa kwetu asubuhi ya siku ya kupima watoto kilo, akiwa amekula, pamoja na fishi yake.